Mke Wangu Analala Chumba cha Mbao

Mke wangu ni Mkakwa wa Koboko, Mwislamu tangu kwa babu zake. Mimi ni Mlugbara wa Manibe, mtoto wa katekista. Tulikutana sokoni Arua, alipokuwa akiuza vitenge, na mimi nimekwenda kupima kaunta ya duka la jirani yake. Yeye Kilugbara alikuwa anakisikia kidogo tu, na mimi Kikakwa sikukijua kabisa, kwa hiyo tulitongozana kwa Kiswahili, hiki chetu cha huku, cha sokoni na cha askari, ambacho watu wa pwani wakikisikia hucheka. Hatukupata lugha nyingine ya nyumbani. Maneno yote makubwa aliyowahi kuniambia, nayakumbuka kwa Kiswahili hicho.

Mwanamume Mwislamu akioa Mkristo, watu hunung'unika kidogo kisha hunyamaza. Mwanamke Mwislamu kuolewa na Mkristo ni jambo jingine. Kwa dini yake, hiyo si ndoa. Nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba mto fulani una mamba, lakini yeye hajawahi kumwona mamba. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake aliniita barazani kwake Koboko, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Wewe, mimi nakubali. Hii ndoa, mimi hapana kubali. Lakini mtoto yangu iko na kichwa ngumu, na mimi nimezeeka."

Ng'ombe na mbuzi walipokelewa. Ndoa ikaandikwa serikalini, si kanisani wala msikitini. Tukajenga Awindiri, nyumba ya vyumba vitatu, na karakana yangu ya useremala nikaiweka mbele, kando ya barabara.

Miaka kumi na mmoja tulikaa vizuri. Sisemi hivi kwa kujisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nyama ya nguruwe haikuingia nyumbani. Niliila kule Onduparaka siku za mechi za mpira pamoja na wenzangu, kisha nikanawa kwa sabuni na limau kabla ya kurudi, na yeye alijua, na hakusema. Kuku wa Krismasi nilimbeba mwenyewe kwapani mpaka kwa mzee mmoja Mwislamu wa mtaa wa pili, akamchinja, nikamrudisha. Mzee yule alizoea, akawa kila Desemba ananiuliza, "Kuku yako iko wapi mwaka hii?" Mwezi wa Ramadhani nilikula mchana karakanani, na jioni nikajifanya nina njaa ili tufuturu pamoja. Binti yetu, mtoto wetu mmoja tu, tulikubaliana kwamba atachagua mwenyewe akikua. Jumapili alikwenda nami misa, Ijumaa baada ya shule akasomeshwa na mama yake alifu na be. Wenzangu kanisani wakiniuliza tunawezaje, niliwaambia ni kuheshimiana tu. Nilikuwa na jibu.

Kisha mama mkwe akashikwa na sukari. Miguu ilivimba, kidonda kimoja cha kisiginoni kikakataa kupona, na mke wangu akaenda Koboko kumuuguza. Alikaa huko wiki tano. Mimi na binti tulibaki Awindiri tukila ugali wa muhogo niliousonga vibaya. Kila siku saa moja jioni alipiga simu, na kila siku sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Mama mkwe alifariki asubuhi, na kabla ya alasiri walikuwa wanamzika. Nilifika kwa pikipiki ya rafiki yangu nikamkuta amekwisha kuoshwa. Nilivua shati nikasaidia kuchimba kaburi, kwa sababu hiyo ni kazi ambayo hakuna anayemuuliza mtu dini yake. Walipopanga safu kumsalia, nilirudi nyuma mpaka kwenye ua, nikasimama na majirani Wakristo. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, alipita karibu nami akanishika bega. Nilidhani ni pole ya msiba. Leo nafikiri alikuwa tayari anajua.

Mke wangu alisema atabaki mpaka arobaini. Sikuona neno. Mama yake alikuwa ndiye mzazi aliyebaki.

Siku ya arobaini nilikwenda na binti. Dua ilisomwa, watu wakala wali, wageni wakatawanyika. Nikamwambia mke wangu achukue vitu vyake, twende kabla mvua haijatukuta njiani. Akamwambia binti aende kwa shangazi zake jikoni. Kisha akaketi kwenye mkeka, mbali nami kama hatua nne, akavuta mtandio wake vizuri.

"Baba mtoto," alisema, "mimi hapana rudi."

Niliuliza mpaka lini.

"Mama aliniita siku mbili kabla ya kufa. Alishika mkono hii. Alisema, nataka uape kwamba hutalala tena na mutu ambaye si wa dini yetu. Alisema anaogopa kwenda huko akiulizwa juu yangu. Mimi niliapa."

"Uliapa kwa sababu alikuwa anakufa," nilisema. "Mtu yeyote angeapa."

"Hapana."

"Ulitaka kumtuliza tu."

Jikoni walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu, na binti yangu alikuwa anacheka kitu. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. "Mama alisema ile kitu ambayo mimi nilikuwa nafikiri kila Ramadhani. Nafunga, nasali, halafu narudi ndani ya nyumba ambayo Mungu hapana kubali. Miaka kumi na moja. Wewe hukuniuliza, na mimi sikusema, kwa sababu ulikuwa mume mzuri."

Kama angesema nilimpiga, ningejua pa kuanzia. Kama angesema kaka zake wamemlazimisha, ningekwenda kwa kaka zake. Nilikaa pale nikiangalia mikono yangu. Nilikumbuka kila futari tuliyokula, nikijaribu kuona usoni mwake kitu ambacho sikukiona wakati ule, na sikukiona hata katika kukumbuka.

Tulirudi Arua mimi na binti, maana shule ilikuwa wiki ile. Mvua ilitukuta Maracha.

Kati ya Arua na Koboko lazima upite Manibe, na nyumba ya baba yangu haiko mbali na barabara. Miezi iliyofuata nilikwenda Koboko kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilipita pale bila kusimama. Mwishowe nikasimama. Baba alikuwa anapukuchua mahindi. Ameacha kazi ya ukatekista tangu macho yalipoanza kumsumbua, lakini watu bado humwita hivyo. Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia ninafikiri kusilimu.

Hakuacha kupukuchua. "Nilikubatiza mwenyewe," alisema, "padri alikuwa hajafika kwa miezi mitatu na wewe ulikuwa mgonjwa." Nikangoja. "Ukienda huko sitakufukuza hapa. Chakula chako kitakuwepo. Lakini usije kuniambia kwamba umeamini, kama hukuamini. Hilo tu ndilo ninaloomba." Akanipa nusu gunia la mahindi nimpelekee mke wangu. Alimpenda, na yeye mke wangu alikuwa akimwita "binti yangu".

Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wa karibu na soko. Ni mtu mpole, aliwahi kuniagiza rafu za kuwekea misahafu. Nilimwambia nataka kusilimu.

"Karibu," akasema. "Shahada ni maneno machache. Naweza kukufundisha sasa hivi, tukaite mashahidi wawili. Lakini kwanza niambie. Unaamini?"

"Nataka mke wangu arudi."

"Hilo sikuliuliza."

Nikasema nitajaribu kuamini.

Angeweza kuita mashahidi. Wapo ambao wangewaita, na leo ningekuwa nimelala na mke wangu. Badala yake akaniambia nije kila Alhamisi alasiri, tusome, na moyo wangu ukifika nitamwambia mwenyewe. Nilikwenda miezi minne. Nilimpenda mzee yule. Alinifundisha kutawadha, akanifundisha sura fupi, akanieleza habari za manabii, ambao wengi niliwajua tangu utotoni. Hakuna alilosema ambalo niliona ni baya. Lakini kila nilipoinama na paji la uso wangu likagusa mkeka, mdomo wangu wenyewe ulianza Salamu Maria kwa Kilugbara, kama alivyotufundisha baba. Nilijaribu kuunyamazisha. Nilijaribu kusema maneno ya sheikh kwa sauti zaidi ili yaifunike ile sala ya ndani. Haikufaa kitu.

Mwezi wa nne nilimweleza sheikh. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema, "Sasa mimi nifanye nini na wewe?"

Nikamuuliza kama kiapo kile kinaweza kufunguliwa. Akasema viapo vipo ambavyo mtu hufungua kwa kulisha maskini au kufunga. "Lakini mke wako akija hapa," aliniambia, "na akiniuliza kama kukaa na wewe ni halali, nitamjibuje? Kiapo ni kamba juu ya mlango ambao tayari umefungwa." Alikuwa amekaa na viatu vyake mkononi, tayari kuondoka, lakini hakuondoka. Alikaa nami mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi ile nilifika Koboko nikamwambia mke wangu nimeamua. Nitasema shahada. Kaka yake mkubwa alikuwepo, akafurahi, akasimama kabisa. "Shemeji, hii ni maneno mzuri sana," alisema, na akatoa simu kumpigia imamu wao.

Mke wangu akamwambia aweke simu chini. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mimi nikiwa Koboko na wewe uko Arua, peke yako, hakuna mutu anaona. Utasali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Nilifungua mdomo.

"Unaona," alisema.

"Nitajifunza," nilisema. "Watu hujifunza."

"Wewe hapana jua kusema uongo. Miaka yote ulikuwa unanawa limau na mimi nasikia harufu." Kaka yake akamwambia kwa Kikakwa kitu ambacho sikukielewa, kwa ukali. Akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie. "Sitaki aende mbele ya Mungu na uongo, halafu uongo yenyewe ni mimi."

Kaka yake akatoka nje. Si mtu mbaya. Alikuwa ameona njia na dada yake ameiziba, na mimi niliyekuwa nikipita njia hiyo nilikuwa upande wa dada yake. Mwaka mzima sisi watatu, na baba, na sheikh, hakuna aliyemtendea mwenzake ubaya. Wakati mwingine nilitamani apatikane mmoja.

Baada ya hapo niliacha kwenda kila wiki. Nilipeleka binti siku za likizo, nikamchukua likizo zikiisha. Kazi ilikuwepo, madawati ya shule moja, milango, vitanda. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, akajifunza kusonga ugali kunishinda. Siku moja nilimkuta anasali sala ya mama yake nyuma ya nyumba, na Jumapili yake akavaa gauni twende misa kama kawaida. Sikumuuliza. Niliogopa kwamba nikimuuliza atadhani kuna jibu ninalolitaka.

Mke wangu alirudi siku ya Jumapili mchana, bila kupiga simu. Boda ilisimama mbele ya karakana. Alikuwa na sanduku, godoro jembamba lililokunjwa, na mfuko wa karanga. Binti alikimbia akamshika kiunoni, hakumwachia. Mimi nilisimama na fulana yangu ya nyumbani, sijui kama nimsogelee.

"Nimerudi," alisema, "lakini sikurudi kwako."

Tuliketi uani, yeye kwenye stuli, mimi kwenye benchi. Akanieleza polepole, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Ameshindwa kuishi mbali na mtoto. Ameshindwa pia, alisema, kutojua kama nimekula. Kaka zake wamekataa, wamesema ni aibu kuliko mwanzo. Imamu wa kwao amemwambia si sawa mwanamke kukaa kiwanja kimoja na mwanamume ambaye si wake, lakini hakumfukuza. Kwa hiyo anataka chumba chake. Atapika, tutakula, tutalea mtoto. "Ile kitanda, hapana. Mkono pia, hapana. Ukisema hutaki, nitarudi Koboko na hii boda, bado iko hapo."

Kweli boda ilikuwa bado pale, kijana amezima injini anasubiri.

Nikamwambia kijana wa boda aende zake.

Chumba pekee kilichokuwepo ni kile nilichokuwa nikihifadhi mbao zikauke. Nilitoa mbao mchana wote, binti akifagia vumbi nyuma yangu. Mke wangu alisimama akaangalia tundu la mlango, maana chumba kile hakikuwa na mlango, pazia la gunia tu. Akasema anahitaji mlango. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na komeo. Kwa ndani."

"Unafikiri nitakuja kwa nguvu?"

"Hapana." Alikuwa anaangalia chini. "Mimi sijui kama mimi sitafungua. Nikiwa na kitu ya kufungua, nitakumbuka."

Nimetengeneza milango mingi katika maisha yangu. Ule niliutengeneza kwa siku tatu, kwa mvule niliokuwa nimemwekea mteja mwingine. Nilipiga randa mpaka ukawa laini kama bakuli. Nilikata mahali pa bawaba kwa patasi ndogo, taratibu, kwa sababu sikutaka kazi iishe, na sikutaka iendelee. Komeo nililifunga mwisho. Alilijaribu kutoka ndani mara mbili, likaingia vizuri. Akasema ahsante. Nilibaki upande wa pili nimeshika bisibisi.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Majirani walisema yao wakachoka. Kanisani mwanamke mmoja aliniambia nioe mwingine, kwamba hata Mungu hawezi kutaka mwanamume akae hivyo. Wapo wa msikitini waliomwambia yeye arudi kwao. Sheikh wangu, nikimwita hivyo ingawa si wangu, hupita karakanani akanunua maranda ya kuwashia moto, tukazungumza habari za mvua. Baba yangu akiuliza, namwambia wote wazima.

Mwezi uliopita niliugua malaria, ile ya kutetemesha kitanda. Nililala chumbani kwangu, dirisha limefunguliwa upande wa uani. Mke wangu alichemsha uji akamtuma binti aulete. Kisha akaleta stuli akaketi nje chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, akichambua maharage. Nilikuwa naona kitambaa cha kichwa chake tu.

"Mguse kichwa," alimwambia binti.

Binti akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Iko moto?"

"Moto sana."

"Kama jana?"

"Kidogo chini ya jana."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Binti ana miaka kumi na mitatu sasa. Alinitazama, akaangalia dirishani, na kwa mara ya kwanza niliona amechoka na sisi wawili. Akaondoa mkono akaenda kufanya kazi yake ya shule.

Nilipokuwa peke yangu nilisema kuelekea dirishani, "Tutakaa hivi mpaka lini?"

"Sijui," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Wewe utaweza mpaka lini?"

"Sijui."

Aliendelea kuchambua. Akaniambia habari za binamu yake wa Koboko aliyejifungua mapacha, mmoja mkubwa mmoja mdogo, na jinsi bibi zao hata hivyo wanavyowachanganya. Akaniambia mvua imeharibu njia ya kule kwao. Nilimsikiliza nikiwa nimefumba macho. Homa ilipanda, ikashuka, nikalala usingizi nikaamka, alikuwa bado anaongea, sijui kama alijua kwamba nililala.

Adhana ya alasiri ilipoanza aliinua ungo akasimama. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye birika, kisha yakianguka chini, kidogo kidogo, mkono, uso, mguu. Mlango wake ukafungwa. Komeo sikulisikia, lakini homa ilikuwa imeniziba masikio, na sikuinuka kwenda kuangalia.